The French Connection (1971): DVD ya 2001, Blu-ray ya 2009, Blu-ray ya 2012 au mtandaoni? Naomba ulinganisho

Jangwani75 (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Nimeamua kujenga maktaba ndogo ya filamu za uhalifu za miaka ya 70, kwa diski halisi, na The French Connection ya William Friedkin nataka iwe miongoni mwa za kwanza. Niliitazama enzi za kanda, picha imechakaa, sauti inakoroma, na bado yule Doyle, polisi anayechezwa na Gene Hackman, hakunitoka kichwani. Sasa nina TV ya inchi 55 na PlayStation 4, nataka kuiona inavyostahili.

Nilipoanza kuitafuta nikakuta mambo mengi. Kuna DVD ya 2001, Blu-ray ya 2009, nyingine ya 2012, na huduma za mtandaoni. Halafu nasoma watu wanagombania rangi hadi kutoleana maneno makali, wengine wanasema mwongozaji aliiharibu filamu yake mwenyewe. Bei za diski hazipishani sana, kwa hiyo si suala la fedha. Nataka kujua ipi ina picha na sauti sahihi. Waliozitazama kwa macho yao wanisaidie. Natanguliza shukrani.

FundiPicha (Mombasa)

Karibu bwana, umeanza na filamu ya maana. Blu-ray zipo mbili, jina moja, kampuni moja (Fox), lakini ukiziweka sambamba utafikiri ni filamu mbili.

Ya 2009 ndiyo yenye ugomvi. Friedkin aliingia chumba cha kusahihisha rangi bila mpiga picha wake, Owen Roizman. Alichofanya ni hiki: aliitoa picha rangi yote ikabaki nyeusi na nyeupe, yenye weusi mzito. Kisha akachukua tabaka la rangi peke yake, akalikoleza kupita kiasi, akaliondolea makali mpaka likawa kama ukungu, halafu akalilaza juu ya ile nyeusi na nyeupe. Anaeleza mwenyewe hatua kwa hatua kwenye kipindi kifupi kilichomo ndani ya diski hiyohiyo. Anasema mfano wake ni Moby Dick ya John Huston ya 1956, ambayo rangi zake nazo zilichanganywa na picha ya kijivu.

Matokeo yake ni rangi iliyopauka, inayovutwa kwenye buluu. Na kwa kuwa tabaka la rangi halina makali, rangi haitulii ndani ya mipaka ya kitu. Nenda pale mwanzoni, Brooklyn, Doyle amevaa nguo za Santa Claus na anamkimbiza yule muuza unga. Wekundu wa lile vazi unamwagika nje ya mabega. Ukishauona mara moja, huwezi tena kutouona.

Roizman alipoiangalia hakunyamaza. Alizungumza redioni, akasema kazi ile inatisha, kwamba hakushirikishwa, na kwamba hataki jina lake lihusishwe nayo. Na huyu ndiye mtu aliyeteuliwa Oscar kwa picha za filamu hii.

Mwaka 2012 ikatoka upya, kava limeandikwa Filmmakers Signature Series. Safari hii walikaa wote wawili, Friedkin na Roizman. Ngozi ikarudi kuwa ngozi, makoti yakarudi kahawia, barabara ikarudi kijivu cha lami yenye maji badala ya kijivu cha buluu. Chenga za filamu (zile punje ndogo za negativi) zipo, na zinatakiwa ziwepo.

Jibu langu: ya 2012, bila kusita.

MuscatMsafiri (Oman)

Assalaam alaykum wote. Mimi ninazo zote mbili, na naomba nisimame upande ambao hausimamiwi na wengi.

FundiPicha ameeleza ufundi vizuri, siupingi. Lakini jiulize kwanza filamu hii ni ya nani. Friedkin aliiongoza, akapata Oscar ya uongozaji kwa ajili yake, na miaka karibu 40 baadaye akasema: hivi ndivyo ninavyotaka ionekane. Mtu huyo hana haki? Mchoraji akirudi kwenye turubai yake akabadilisha anga, tunamwambia aache?

Pili, kuna sehemu ambapo toleo la 2009 linafanya kazi. New York ile ni ya majira ya baridi, ya takataka na moshi, polisi wawili wamelala ndani ya gari wakisubiri. Rangi ikipauka namna ile, baridi inaingia mwilini. Ule mwisho kule Wards Island, ndani ya jengo bovu linalovuja maji, Doyle anatembea na bastola yake gizani, toleo la 2009 linakaribia kuwa nyeusi na nyeupe kabisa, na mimi linanikaba koo zaidi kuliko la 2012.

Sisemi anunue la 2009 peke yake. Nasema asiambiwe kwamba ni takataka. Ni kumbukumbu ya mawazo ya mwongozaji mkubwa, na kile kipindi cha rangi kilichomo ndani yake ni darasa kwa yeyote anayependa filamu.

FundiPicha (Mombasa)

MuscatMsafiri, wa alaykum salaam. Hoja yako ya haki ya mwongozaji naiheshimu, lakini mchoraji wako anafanya kazi peke yake. Filamu haifanywi na mtu mmoja. Roizman alikaa baridini mwaka 1970 na 1971 akipiga mitaani kwa mwanga uliopo, negativi ikisukumwa maabara ili mwanga ule mdogo utoshe. Mpiga kamera wake, Enrique Bravo, alikuwa mtu wa filamu za hali halisi, aliyepiga mapinduzi ya Cuba. Friedkin alikuwa akiwapanga waigizaji bila kumwambia Bravo watasimama wapi, ili kamera iwatafute yenyewe. Ule mtikisiko, ile hali ya kuchelewa kidogo kumpata mtu kwenye fremu, vyote vinasema kitu kimoja: hili linatokea kweli, mbele yako. Sasa ukimwaga juu yake rangi ya maabara ya kompyuta, unaambia jicho kinyume chake.

Na la pili: ni Friedkin huyohuyo aliyekaa tena 2012. Kama tunaheshimu neno la mwongozaji, basi tuheshimu neno lake la mwisho.

MuscatMsafiri (Oman)

Hiyo ya neno la mwisho umenibana, naikubali. Ya mwanga wa barabarani vilevile. Lakini diski yangu ya 2009 siitoi.

MwanaTanga (Tanga)

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mimi si mtu wa vipimo, ni mtu wa kutazama. Kaka Jangwani75, ukitaka kujua toleo zuri ni lipi, tazama sehemu moja tu: ile ya mgahawa.

Charnier, yule Mfaransa mwingiza unga anayechezwa na Fernando Rey, amekaa ndani na mwenzake Nicoli. Wanakula taratibu, mvinyo, vitambaa vyeupe mezani, wahudumu wanakuja na kuondoka. Ng'ambo ya barabara Doyle amesimama mlangoni mwa duka anakanyagakanyaga chini kwa baridi. Ana kipande cha pitsa mkononi na kikombe cha kahawa mbaya kiasi kwamba anaimwaga. Hakuna anayesema lolote la maana. Tofauti ya watu hawa wawili yote iko kwenye picha: ndani kuna joto la manjano, nje kuna kijivu.

Kwenye toleo la 2012 unaliona joto lile. Taa za ndani zina udhahabu, uso wa Charnier umenawiri, sosi kwenye sahani ina rangi ya chakula. Kamera ikienda kwa Doyle, pua imemwiva wekundu, mikono imekauka. Unaelewa chuki yake bila kuambiwa. Kwenye toleo la 2009 mgahawa nao umepauka na kubuluika kama barabara. Ndani baridi, nje baridi. Kile ambacho Roizman alikijenga kwa taa kimefutwa, na pamoja nacho imefutwa sababu ya Doyle kumfuata mtu yule kwa hasira kiasi kile.

Ndiyo maana siwezi kuliita suala la ladha tu. Hadithi yenyewe imepungua.

Jambo jingine dogo: mwanzo wa filamu uko Marseille, jua la kusini mwa Ufaransa. Marseille ikipauka sawa na Brooklyn, safari nzima ya unga ule kutoka bandari ya jua mpaka mji wa barafu haina uzito wake.

UkereweKwetu (Mwanza)

Wadau, mnajadili vizuri ila mbona hamzungumzii kutazama mtandaoni? Bando siku hizi si kama zamani, watu wana faiba nyumbani. Diski ni gharama ya kuagiza, ya posta, ya ushuru, halafu inakwaruzika. Nikiipata filamu kwenye huduma ya mtandaoni kwa ubora wa 1080, si picha ileile tu? Naomba nieleweshwe kwa nia njema.

FundiPicha (Mombasa)

Swali zuri, ndugu yangu, na watu wengi wanajiuliza hivyo. Hiyo 1080 ni idadi ya mistari tu. Kinachoamua kila mstari una nini ni wingi wa data kwa sekunde. Blu-ray inaruhusiwa kupeleka picha hadi megabiti 40 kwa sekunde. DVD mwisho wake ni 9.8, kwa picha ndogo zaidi. Huduma za mtandaoni nyingi zinakuomba intaneti ya megabiti 5 hivi kwa picha ya 1080. Pima mwenyewe.

Kwa filamu ya kisasa iliyopigwa kidijitali, picha laini, unaweza usione tofauti kubwa. Filamu hii ni kinyume. Negativi iliyosukumwa ina chenga nyingi, na chenga zinabadilika katika kila fremu, mara 24 kwa sekunde. Kifaa kinachobana picha hakijui kwamba zile chenga ndizo filamu yenyewe. Kinaziona kama fujo isiyotabirika, kinakosa nafasi, kinaanza kuzipaka. Ukutani unaona vijiboksi vya mraba, kwenye anga la asubuhi unaona mistari kama ya ramani, na uso wa Roy Scheider, anayecheza Russo mwenzake Doyle, unakuwa wa nta. Tazama zile sehemu za usiku, polisi wakisubiri garini. Diski inakupa weusi wenye uhai ndani yake, mtandao unakupa doa.

Anayetaka kuijua hadithi atatosheka na mtandao. Jangwani75 ameuliza picha sahihi.

TorontoMtz (Kanada)

Naomba niongeze jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko rangi na megabiti, nalo linamhusu UkereweKwetu moja kwa moja.

Fox ilinunuliwa na Disney mwaka 2019, filamu hii ikaenda nayo. Katikati ya 2023 watazamaji wa Criterion Channel, huduma ya filamu ya mtandaoni huku Amerika Kaskazini, waligundua kwamba toleo lililokuwa likionyeshwa lilikuwa limekatwa. Ni sekunde chache tu, mwanzoni, baada ya Russo kujeruhiwa kwa kisu. Doyle anatoa tusi la kibaguzi dhidi ya watu weusi, na mazungumzo mafupi yanayofuata. Kipande kile kilitolewa bila tangazo wala maandishi ya kumwambia mtazamaji, na mruko wenyewe unaonekana ukiwa makini: mtu yuko hapa, ghafla yuko pale.

Mimi ni mtu mweusi ninayeishi huku. Tusi lile linaniuma kila ninapolisikia. Na ndiyo sababu nataka libaki. Filamu hii haikutengenezwa ili tumpende Doyle. Inatuonyesha polisi mbaguzi, mlevi wa kazi yake, anayevamia baa ya weusi na kuwapanga ukutani kama bidhaa, halafu inatulazimisha tumfuate kwa sababu ndiye pekee anayemwona Charnier. Mwishoni anampiga risasi ofisa wa serikali kuu anayefanya naye kazi na hata hashtuki. Ukimsafisha dakika za mwanzo, umemgeuza kuwa shujaa wa kawaida, na umemdanganya mtazamaji kuhusu jinsi polisi wa wakati ule walivyotuona.

Diski ya 2001, ya 2009 na ya 2012 zote zina kipande hicho. Hakuna atakayeingia kabatini kwako usiku akakibandua. Kilicho mtandaoni hukimiliki, unakiazima, na mwenyewe anaweza kukibadilisha bila kubisha hodi.

Na jambo jingine la kuzingatia: Roizman alifariki Januari 2023, Friedkin akafariki Agosti mwaka huohuo. Hackman naye ametutoka Februari 2025. Toleo lolote litakalokuja baadaye, hata liwe na mistari mingi kiasi gani, Roizman na Friedkin hawatakuwepo chumbani kuliangalia. La 2012 ndilo walilokaa pamoja. Hilo kwangu lina thamani yake.

UkereweKwetu (Mwanza)

TorontoMtz, nimekuelewa vizuri sana, hili la kukatwa sikuwa na habari nalo. Ahsante. Basi nami nafuatilia uzi huu mpaka mwisho, huenda tukaagiza mbili kwa pamoja na Jangwani75 tukagawana gharama ya kusafirisha.

KambaMbili (Nairobi)

Jameni, mmeongea picha peke yake mpaka nimeona nichangie sauti, kwa sababu filamu hii nusu yake iko masikioni.

Ilitoka 1971 ikiwa mono. Sauti yote kutoka spika moja ya katikati, nyuma ya kioo cha sinema. Blu-ray zinakupa njia mbili: mchanganyiko mpya wa spika tano na sabufa, na ile mono ya asili. Wengi wanawasha ya spika tano bila kufikiri kwa sababu ndiyo inayoanza yenyewe.

Nenda kwenye ile sehemu ya gari na treni. Watu wanaikumbuka kwa picha, na kweli picha ni za ajabu. Pontiac LeMans inakimbia chini ya reli ya juu kule Brooklyn, kamera imefungwa kwenye bampa, nyingine kiti cha nyuma ikishikwa na Friedkin mwenyewe, na Bill Hickman akiendesha katikati ya magari ya watu wasiojua kitu. Moja ya zile ajali haikupangwa kabisa, ni mtu aliyekuwa akienda zake kazini. Sasa sikiliza: hakuna muziki. Don Ellis aliandika muziki mkali, wa kukwaruza, kwa sehemu nyingine, lakini hapa Friedkin hakuweka hata noti moja. Ni injini, honi, breki, chuma cha treni juu ya chuma cha reli, na pumzi ya Doyle.

Kwenye mono vyote vinasukumana kutoka sehemu moja, vinagombea nafasi, na kile kifua kinabana. Kwenye spika tano treni imehamishiwa pembeni, gari katikati. Ni safi zaidi, lakini msongamano umelegea. Nimewatilia wageni nyumbani zote mbili, na kwenye mono chumba kinanyamaza mapema zaidi.

Ushauri wangu: ingia kwenye menyu ya sauti, chagua mono, zima mbwembwe za saundbaa yako, ongeza sauti kidogo. Kwa sehemu za muziki wa Ellis, Blu-ray ya 2009 ina njia ya kusikiliza muziki peke yake, na hiyo ni zawadi kwa wapenda jazi.

Jangwani75 (Dar es Salaam)

Wakuu, mmenifungua macho. KambaMbili, ya mono nimeichukua. Sasa hapo mjini yule muuzaji ameng'ang'ania nichukue DVD ya 2001, anasema ni ya boksi zuri, diski mbili, ina vitu vingi vya ziada, na deki yoyote inaisoma. Je, haifai kabisa? Na suala la herufi za kanda (maeneo ya dunia) kwenye Blu-ray limenichanganya, nisije nikanunua PlayStation ikaikataa.

MuscatMsafiri (Oman)

Hapa niachie mimi, maana nimepitisha mizigo ya diski kati ya huku, Ulaya na Dar kwa miaka.

DVD kwanza. Ile ya 2001 ni kazi ya heshima kwa wakati wake. Vipindi vyake ni vizuri sana, kuna cha BBC na kingine cha historia ya kesi yenyewe, ambayo ilitokea kweli mwanzoni mwa miaka ya 60. Wapelelezi halisi, Eddie Egan na Sonny Grosso, utawaona hata ndani ya filamu: Egan anacheza bosi wa Doyle, Grosso anacheza ofisa mwingine. Kuna maelezo ya sauti ya Friedkin, na mengine ya Hackman na Scheider. Lakini picha ni ya DVD, na kwenye inchi 55 itaonekana laini. Chenga zinageuka vumbi.

Kuna jingine ambalo wauzaji hawalisemi. DVD zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya na huku kwetu nyingi ni za mfumo wa PAL, fremu 25 kwa sekunde. Filamu ni fremu 24. Kwa hiyo inakimbizwa: dakika 104 zinakuwa kama 100, na sauti, isiporekebishwa, inapanda juu kidogo. Sauti ya Hackman ina ukwaruzo fulani wa chini, na ukikimbizwa unapotea. Blu-ray inakwenda kwa fremu 24, hilo tatizo halipo.

Kanda sasa. DVD zina namba: Tanzania na Kenya ni 5, Oman, Ulaya na Afrika Kusini ni 2, Marekani ni 1. Kwa hiyo hilo neno la deki yoyote si kweli mpaka aone namba nyuma ya boksi. Blu-ray zina herufi: Afrika, Ulaya, Mashariki ya Kati na Australia ni B, Marekani na Japani ni A. PlayStation inafuata herufi ya nchi iliyouzwa. Ya kwako kama ilipitia Dubai, kama nyingi za Dar, ni B. Kama ndugu alikuletea kutoka Marekani, ni A. Na siyo michezo inayokuambia hilo, michezo ya PlayStation 4 haina kufuli hilo. Geuza mashine usome pale chini palipoandikwa namba ya modeli, utafute kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Tafuta nakala ya Ulaya kama una B. Nyuma ya kava kuna alama ndogo yenye herufi. Zipo zilizoandikwa A, B na C kwa pamoja, hizo hazina shida popote.

FundiPicha (Mombasa)

Naongeza ya TV, maana diski nzuri inaharibiwa na mipangilio ya kiwandani kila siku.

PlayStation 4 mara ya kwanza kabisa kuchezesha diski ya filamu inataka iunganishwe intaneti ili iwashe uwezo huo. Fanya kabla wageni hawajafika. Kwenye mipangilio ya Blu-ray weka fremu 24 iwe otomatiki.

Kwenye TV yenyewe, zima ule ulaini wa mwendo, kila kampuni inaupa jina lake. Unatengeneza fremu ambazo Friedkin hakuzipiga, na kamera ya Bravo ya mkononi inakuwa kama tamthilia ya mchana. Zima kipunguza chenga. Shusha ukali wa picha karibu na sifuri, kwa sababu ule ukali unachora mstari mweupe kuzunguka makoti na nguzo za reli. Chagua rangi ya joto. Siku mbili za kwanza utaona njano, jicho likizoea hutarudi nyuma. Kama TV yako ina Filmmaker Mode, iwashe, inafanya karibu yote hayo kwa mkupuo.

Kisha nenda ule mgahawa wa MwanaTanga. Kama vitambaa vya meza ni vyeupe vyenye joto na siyo vya buluu, umepanga sawa.

Jangwani75 (Dar es Salaam)

PlayStation ni B, nimeangalia. Nimempigia muuzaji mwingine wa Kariakoo, ana Blu-ray moja ya filamu hii, imetoka Uingereza, imetumika lakini anasema haina mkwaruzo. Nikamuuliza ni ya mwaka gani, akajibu zote ni sawa. Nifanyeje nisibabaishwe?

MwanaTanga (Tanga)

Kaka, mwombe akutumie picha ya kava mbele na nyuma kabla hujatoka nyumbani. Tafuta maneno Filmmakers Signature Series. Yakiwepo, nenda na fedha mkononi. Yasipokuwepo, muulize kama yuko tayari kuifungua na kuichezesha dukani, uende moja kwa moja pale Doyle amevaa nguo za Santa Claus. Wekundu ukimwagika nje ya mabega, mwachie.

MuscatMsafiri (Oman)

Au mwambie aniwekee mimi, ya kwangu ya 2009 boksi lake limepasuka. Na UkereweKwetu, kama mnaagiza mbili, kuna ndugu anatoka London mwezi ujao kupitia huku. Niandikieni faragha leo au kesho, nafasi kwenye begi lake inajaa haraka.